Maziwa Kwenye Bunduki

Kabati la chumbani lilinuka maziwa. Carolyne alitoa nguo zote za mtoto, akazinusa moja moja, akasugua mbao kwa sabuni. Harufu ilibaki palepale, tamu na vuguvugu, ikitoka kwenye sanduku la chuma ambamo Nzau, mumewe, alifungia bunduki ya mitutu miwili. Aliirithi kwa kibali kutoka kwa marehemu babake, aliyekuwa mlinzi wa shamba la kahawa huko Ruiru.

Carolyne hakumwambia mtu. Alikuwa na zito kuliko hilo. Mtoto wao mchanga, Kivuva, alikuwa akikonda. Kila Carolyne alipoamka usingizini aliyakuta matiti yamelegea, chuchu zinauma, kana kwamba kuna aliyetangulia kunyonya.

Jioni moja, mvua ikipiga mabati ya nyumba yao mtaani Ngoingwa, Kivuva alilia kitandani kilio chembamba cha njaa, akanyamaza avute pumzi, na kilio kile kikaendelea bila yeye, chembamba vilevile, kikitoka kabatini, ndani ya sanduku, ndani ya chuma.

Mukonyo, mama mkwe aliyekuja kumpikia mzazi uji, aliweka sufuria chini taratibu.

"Nzau," akanong'ona. "Yule mtoto wenu wa kwanza. Alipata jina?"

"Alifariki hospitalini kabla ya siku ya jina, mama. Ningempaje?"

"Na ithaa?"

Ithaa ni kikufu cha chuma ambacho baba wa Kikamba humvisha mtoto siku ya kumpa jina. Kabla ya siku hiyo, wazee husema, mtoto bado ni wa mizimu; hajawa mtu.

Nzau alitazama miguu yake. "Nilikuwa nimeshakitengenezesha. Sikuweza kukitupa. Nilikificha kwenye bunduki ya baba, chini ya mti wa mbele, ule unaokaa chini ya mitutu. Kuna uwazi pale. Tangu siku hiyo mti umekataa kutoka."

"Mlikuwa mmemchagulia jina gani?"

"La baba. Kivuva."

Mukonyo alimtazama mjukuu wake kitandani. "Kwa hivyo mmempokonya mkubwa jina, mkampa mdogo. Mlidhani hasikii?"

Kulipokucha Nzau alimleta Dalmas, fundi wa bunduki kutoka Ruiru. Dalmas alihakikisha kwanza kwamba mitutu yote miwili haina risasi, kisha akauvuta ule mti. Haukutikisika.

"Boss, hii mlipika na gundi?" akacheka. "Mbao imekunywa mafuta miaka yote ikavimba, na komeo limeshika kutu. Nguvu haisaidii hapa. Ukilazimisha, inapasuka."

Akadondosha mafuta kwenye komeo, akangoja yapenye, akachukua nyundo ya mbao, akaifunga kitambaa na kuanza kugonga kidogo kidogo, na kila alipogonga kitu kilipiga kwikwi ndani, akasita, akagonga tena, na kwikwi ikawa kilio, na harufu ya maziwa ikajaa chumbani hadi ikamkaa kooni, na kicheko chote kikamtoka.

"Mathe," alimwambia Mukonyo chini chini, "hii kitu inalia?"

"Inalia. Endelea, lakini polepole. Ni mtoto."

Mti ulitoka. Kikufu kilikuwa pale, bila chembe ya kutu, kimelowa maziwa. Mukonyo alikiweka kwenye kiganja cha Carolyne. Kilikuwa na joto la mwili.

"Mpe jina lake. Akipata jina atakuwa mtu, na mtu aliyekufa huenda zake. La sivyo atanyonya haki ya mdogo wake mpaka huyu naye tumzike."

"Akienda, mwaitu, sitamsikia tena?" Carolyne alimuuliza mama mkwe.

"Hutamsikia."

Carolyne hakuwahi kumshika mwanawe wa kwanza. Alipozinduka hospitalini walikuwa wameshamfunika. Sauti yake alikuwa ameisikia humu tu, kabatini. Alikibana kikufu kifuani. Kilio kikatulia kidogo, kama cha mtoto anayebembelezwa.

Kitandani, mdogo hakuwa tena na nguvu ya kulia.

"Wewe ni Kivuva," alisema. "Kifungua mimba wangu. Nenda, baba."

Kilio kilikatika. Carolyne akamwinua mdogo. "Na wewe ni Nzuki, jina la babangu." Akampa titi. Mtoto akavuta, akameza.

Kikufu walikizika nyuma ya jikoni. Mukonyo aliaga akiwa na onyo moja: "Marehemu mwenye jina akiitwa, huitika. Msimwite katika nyumba hii."

Nzuki alinenepa. Alasiri moja, Nzau akiwa kazini, mtoto amelala, Carolyne alifungua kabati akaingiza kichwa. Palinuka mafuta ya bunduki na chuma, basi. Alinusa tena, akitafuta. Alipaswa kufunga mlango. Alijua hivyo.

"Kivuva," akanong'ona. "Mara moja tu."

Ndani ya sanduku, komeo la mti wa mbele lilifunguka kwa mlio mdogo: ka.

Blauzi yake ikaanza kulowa maziwa kifuani, na Nzuki bado alikuwa amelala.