Turubai la Nyawira na Bawa la Ndege

Nyawira, mama yake Shiku, aliuza sufuria na vyombo vya plastiki katika soko la Ngara. Wateja alikuwa nao. Kilichomchosha roho ni turubai la kivuli juu ya kibanda chake. Kila alasiri upepo ulipovuma kutoka barabarani, turubai lilinyanyuka pamoja na nguzo zake, naye aliacha wateja akakimbilia kulishika.

Mumewe, Kiarie, alijua dawa moja tu: mawe. Lilipoinuka, aliongeza jiwe kwenye miguu ya nguzo. Lilipoinuka tena, alileta kubwa zaidi. Nyawira alimwambia mpaka akachoka kwamba mawe hayasaidii. Kiarie alijibu kwamba bado hajapata mazito ya kutosha.

Siku moja turubai liling'oka kabisa, likaangukia trei za mayai za jirani. Mbuthia, mwenyekiti wa wafanyabiashara, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba likiruka tena, watafute mahali pengine pa kuuzia.

Walipofika nyumbani, mtaa wa Mountain View, Nyawira alimweleza jirani yao, Selpher, yaliyomkuta. Selpher ni fundi wa ndege ndogo. Alipopata nafasi alipita Ngara, akauliza mbona upande wa turubai ulioelekea barabarani umeinuliwa hivyo. Kiarie akasema ni ili wateja wasiiname.

"Basi mmetengeneza bawa la ndege," Selpher akasema.

Nyawira hakuwa na hamu ya mzaha. Alisema ndege hubebwa na injini, na turubai lake halina injini.

"Hapana, Mama Shiku. Injini inasukuma ndege mbele. Kinachoibeba ni mabawa."

Akampa sinia, akamwambia alielekeze kwenye upepo, ukingo wa mbele ukiwa juu kidogo. Sinia likavuta mikono ya Nyawira juu. Alipouinamisha ukingo ule, likasukumwa chini. Akarudia mara kadhaa, uso umekunjamana.

"Hewa haionekani, lakini ina nguvu," Selpher akasema. "Bawa limeinuka mbele kidogo. Ndege ikikimbia, bawa linasukuma hewa chini, na hewa inasukuma bawa juu. Ndiyo maana ndege lazima ikimbie sana kabla ya kupaa."

"Lakini turubai halikimbii," Kiarie akabisha.

"Upepo unakimbia, Baba Shiku. Kwa bawa ni mamoja."

Nyawira akauliza kuhusu helikopta, ambayo hupaa bila kukimbia. Selpher akaeleza kwamba mabawa yake ni yale mapanga marefu yanayozunguka juu. Helikopta yenyewe inaweza kusimama angani, lakini mabawa yake hayasimami.

Basi wakashusha ukingo wa barabarani hadi juu kidogo ya vichwa vya wateja, na kuinua wa nyuma. Wakakata matundu ya kupitisha hewa, wakafunga nguzo kwa kamba kwenye vigingi vya chuma. Kiarie alinung'unika kwamba sasa mvua itawamwagikia wateja.

"Weka mfereji wa bati hapo mbele," Nyawira akamwambia. "Na hayo mawe uyatoe, nimeyachoka."

Alasiri upepo ukaja. Maturubai ya majirani yalipigapiga. La kwao lilikandamizwa chini, likatulia. Nyawira aliuza sufuria, akarudisha chenji, na hakukimbilia popote.

Mbuthia alikuja kuuliza wamefanyaje. Kabla Nyawira hajafungua mdomo, Kiarie alimshika mwenyekiti mkono na kuanza kumfundisha jinsi ndege inavyopaa, kana kwamba ameunda kadhaa. Nyawira akashusha pumzi, akamgeukia mteja.