Vidole vya Halfani

Programu ilifungua jalada kabla Elieth hajamaliza kuandika jina.

Alirudisha mkono nyuma kama aliyegusa kaa la moto. Mpaka jana, jalada moja la kiwanja lilichukua dakika nne kufunguka. Hali ilikuwa hiyo tangu mwanzo wa mwaka ule wa 2003, ofisi yao ndogo ya mtaa wa Kikuyu, Dodoma, ilipoiandika upya programu ya zamani kwa lugha mpya ya kompyuta. Gaudence, bosi wao, aliapa kuwafukuza wote. Halafu jana alasiri Halfani, fundi aliyeianza kazi hiyo, alianguka juu ya meza yake, akarudishwa kwao Mkonze akiwa hasemi.

"Bosi, nani ameigusa programu?"

Gaudence hakumtazama. "Si inakwenda? Mshukuru Mungu."

Elieth alikagua mstari kwa mstari. Hakuna kilichobadilika. Lakini nyuma ya kompyuta kubwa palinuka udi, na alipoinama aliona kipande cha shati la Halfani kimepigwa mafundo saba. Hakukigusa. Aliaga kwamba anaumwa kichwa, akaenda Mkonze.

Halfani alikuwa amelala chali, macho wazi, vidole vyake vikigonga shuka kama mtu anayechapa. Saa tisa na nusu, ofisi ilipofungwa, vidole vikatulia.

"Shikamoo, bibi," Elieth alinong'ona.

"Marahaba. Sema polepole, jini linasikia." Bibi yake Halfani alikuwa amepunga majini maisha yake yote. "Nimefukiza, nimesoma, haliondoki. Kuna mtu amelikabidhi kazi, na amelikabidhi mikono ya mjukuu wangu. Ni nani?"

"Nadhani ni bosi wetu."

"Basi mimi siliwezi. Linyime kazi, mwanangu; likikosa la kufanya litamwachia."

Alfajiri Elieth aliingia ofisini peke yake. Kumbe tatizo lilikuwepo siku zote: kila jina lilipoulizwa, programu mpya ilisoma daftari zima upya, majina elfu arobaini. Akaanza kuitengenezea faharasa, iende moja kwa moja panapotakiwa, na udi ukazidi kunuka, na vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe vikifuta alichoandika, naye akaandika tena, vikafuta, akaandika huku anasali na jasho linamwingia machoni na kitu kinapumua karibu na sikio lake, mpaka mstari wa mwisho ukakaa.

Kulipoanza kupambazuka alifungua mafundo yote saba, akajaribu jina moja. Jalada likafunguka papo hapo. Harufu ikakatika.

Simu ya mezani ililia. Ilikuwa sauti ya bibi, analia na kucheka. "Ameomba maji, mwanangu! Ameshika kikombe mwenyewe!"

Jua lilikuwa limeshapanda simu ilipolia tena. Safari hii alikuwa Jenifa, mke wa Gaudence.

"Dada Elieth, njoo unisaidie. Mume wangu anafagia uwanja tangu kulipopambazuka. Viganja vinatoka damu. Nikimwambia apumzike, ananijibu kwa sauti nisiyoijua."

"Anasemaje?"

"Anasema, 'Nipe kazi nyingine.'"