Aliyekanyaga Breki

Jua lilikuwa linazama nilipofika dukani kununua silinda mbili za breki za magurudumu ya nyuma. Watu huziita pampu ndogo; jina lake ni silinda ya gurudumu. Za zamani zilikuwa zinavuja, na kesho yake nilitakiwa kuendesha gari hadi kwa binti yangu, nikaishi huko moja kwa moja.

"Mzee, hilo gari si tulishalizika?" muuzaji akatania.

"Litakuzika wewe kwanza."

Akacheka. "Msalimie mama. Mwambie aandae mguu, upepo hautoki wenyewe."

"Zitafika," nikasema.

Hakuwa na habari. Mke wangu tulimzika wakati wa mvua, na sikuwa na nguvu ya kumweleza mtu mwingine tena.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani, akakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine hulala chini, akalegeza skrubu nyuma ya gurudumu ili upepo utoke pamoja na mafuta, kisha akaikaza. Wa juu haachii mpaka aambiwe. Akiachia mapema, upepo hurudi ndani na kazi huanza upya. Miaka yote wa juu alikuwa mke wangu. "Mimi ni mke au jeki?" alizoea kuuliza, lakini hakuwahi kuachia kabla sijasema.

Nilifunga silinda mpya, nikarudisha dramu zinazofunika breki, nikakata kipande cha ubao cha kubania pedali. Giza lilikuwa linaingia uani nilipolala chini na spana yangu.

"Kanyaga," nikasema.

Mazoea tu. Ubao ulikuwa bado mkononi mwangu.

Gari likabonyea kidogo upande wa dereva.

Fyuu... fyuu... fyuu...

Pedali.

"Shikilia," nikanong'ona.

Kisha, juu yangu...

"Nimeshika."

Ikanijia harufu ya dawa ya kuchua, ile niliyompaka siku zake za mwisho, miguu ilipovimba hata viatu vikawa havimwingii. Nilitaka kukimbia. Nilitaka pia kulala pale maisha yangu yote. Nikalegeza skrubu. Mapovu yakatoka. Nikakaza.

"Achia."

Pedali ikapanda.

Tukaenda hivyo, gurudumu moja, kisha la pili, mpaka mafuta yakatoka safi, bila povu hata moja. Kazi ilikuwa imekwisha. Ningemwambia hivyo, angeshuka aende zake.

"Bado kuna upepo," nikasema. "Kanyaga."

"Mwongo." Lakini akakanyaga.

"Shikilia."

"Nimeshika... Mguu unaniuma, mwenzangu."

"Kidogo tu. Nakuja nikuone."

Nikajiburuta kutoka chini, nikafungua mlango.

Hakukuwa na mtu.

Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, kama alivyokisogeza yeye ili mguu wake mfupi ufike. Pedali ilikuwa chini. Nikaivuta kwa mikono miwili. Haikupanda.

Lilibaki neno moja la kusema: achia. Nikalimeza, nikaingia ndani kulala.

Asubuhi nilipakia sanduku langu, nikajibana kwenye kile kiti bila kukirudisha nyuma, nikawasha injini. Gari halikusogea. Fundi yeyote angesema nimekaza viatu vya breki kupita kiasi, na huenda angekuwa sahihi. Simu ikalia.

"Baba, umeshatoka?"

"Bado, mama. Breki zimeshika."

"Si ulisema umeshazitengeneza? Njoo bwana, chumba chako kiko tayari. Sitaki ukae humo peke yako hata siku moja zaidi."

"Nakuja."

Karibu na goti langu mtu akavuta pumzi, kwa maumivu.

Binti yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Baba... uko na nani?"

Nikakata simu. Nikazima injini. Nikapeleka mkono chini ya usukani, polepole, na vidole vyangu vikagusa mguu wa baridi, uliovimba, unaotetemeka kwa kuchoka.

Neno lilikuwa mdomoni. Sikulisema.

Nikaanza kuuchua.