Anga la Kijani

Kila Jumamosi asubuhi tunavua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta, tunafuta vumbi kwenye mashine, kisha mwalimu anatugawia kazi. Jumamosi hiyo picha tulizochora kwa kuandika msimbo zilitakiwa kuwekwa kwenye ukurasa mmoja wa tovuti ya shule. Wazazi wangefika saa nne kuziona, na picha yenye kasoro ingeondolewa.

Mimi nilichora karakana ya mama yangu, fundi cherehani. Juu ya paa niliweka anga la jioni, zambarau ikififia polepole mpaka rangi ya machungwa. Kwenye mashine yangu ilipendeza. Kwenye ukurasa wa wote, lo! Anga lote kijani!

"Leo itanyesha mboga," alisema rafiki yangu Kidole. Tunamwita hivyo kwa sababu huandika kwa kidole kimoja.

"Hebu nyamaza!" Nilikuwa nimechoka kabisa. Nilibadilisha zambarau, nikazima mashine, nikawasha. Kijani! Nikalaumu mtandao, nikalaumu hata umeme. Na mama alikuwa amefunga karakana kwa ajili yangu.

Mwalimu akaja. "Msimbo huu umeuandika mwenyewe?"

"Wote, mwalimu."

Akaketi, akaupitia mstari kwa mstari, akapata kila kitu sawa. Akarudia tena, akiguna. Nusu saa nzima! Zilipobaki dakika kumi wazazi wafike, sikuweza kuvumilia.

"Mwalimu, nisamehe. Ile sehemu ya rangi inayofifia nilinakili kwa Kidole, kwenye picha yake ya shamba la mahindi. Nilibadilisha rangi tu."

"Na jina aliloipa rangi hiyo kwenye msimbo?"

"Nililiacha vilevile."

Mwalimu akashika kichwa. "Ewe mtoto! Ukurasa ukikuta majina mawili yanayofanana, unafuata la kwanza. Picha ya Kidole imetangulia yako, kwa hiyo anga lako linachukua kijani cha mahindi yake!"

Nikaandika jina jipya mahali pote lilipotajwa. Zambarau ikarudi papo hapo. Nikashusha pumzi, lakini mwalimu hakutabasamu.

"Sasa andika chini ya picha kwamba sehemu hiyo ni ya Kidole," alisema, huku mama akivua viatu mlangoni. "Kuazima si kosa. Lakini uliponidanganya, ulinituma nitafute kosa mahali lisipokuwepo. Ungesema kweli saa tatu na robo, tungemaliza saa tatu na robo."

Mama aliyasoma maandishi yale kwanza, ndipo akatazama picha.