Matumbwitumbwi ya Mtu Mzima

Kila Jumapili baada ya kanisa, mama mkwe wa Generosa alipiga simu kutoka Bukoba kwenda ughaibuni, walikoishi yeye na mumewe. Aliuliza habari za baridi ya huko, kisha akamuuliza Generosa swali lake: mjukuu yuko wapi? Generosa alijibu kwa heshima, lakini lilimuuma. Yeye na mumewe Vedasto walimtaka mtoto huyo kuliko mtu yeyote.

Majira ya baridi, Vedasto alirudi kutoka kwenye ghala alilofanyia kazi, mjini Shakopee, mashavu yamevimba. Kwenye simu mama yake akasema ni matumbwitumbwi tu, ugonjwa wa watoto, apakwe masizi. Masizi utayapata wapi kwenye jiko la umeme? Bwana mkubwa akasaga mkaa wa kuchomea nyama, akajipaka mpaka masikioni.

Siku chache baadaye akaanza kutembea kama amekanyaga miiba. Alisema ni mgongo. Generosa hakudanganyika. Alimbana mpaka akasema ukweli: korodani moja imevimba na inauma sana. Alikuwa anangoja rafiki amletee antibayotiki zilizobaki.

Generosa akamwita jirani yao Chepkemoi, muuguzi kutoka Kenya. Vedasto akaona haya, akajifunika blanketi.

"Shemeji, hizo vitu mimi naona kila siku kazini," Chepkemoi alisema. "Mumps, hiyo matumbwitumbwi yenu, ni virus. Kwa mtu mzima inaweza kushuka kwa korodani. Antibiotic haiui virus. Na hiyo makaa, nawa."

"Nitapata mtoto?" Vedasto aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wengi wanapata. Lakini mbegu zinaweza kupungua, so ona daktari leo. Uchungu wa huko chini haungojwi."

Generosa alikuwa ameshashika funguo za gari.

Daktari alithibitisha. Alimpa dawa ya maumivu, akamwambia apumzike, aweke barafu iliyofungwa kitambaani, na asiende kazini kwanza asije akaambukiza wenzake. Mbegu zingepimwa baada ya miezi kadhaa. Generosa, ambaye hakuwa mjamzito, alichanjwa dhidi ya matumbwitumbwi. Aliambiwa asubiri mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba.

Kipimo cha kwanza kilionyesha mbegu chache. Vedasto alinyong'onyea, lakini alirudi kupima tena. Safari hii zilikuwa zimeongezeka, zinatosha.

Jumapili simu ikalia. Swali lilelile. Vedasto aliichukua simu mkononi mwa mkewe.

"Mama, aliyeugua ni mimi, na aliyepimwa ni mimi," alisema. "Swali hilo usimuulize Generosa tena. Niulize mimi."



"Haya, mwanangu," mama akasema. "Daktari anasemaje?"