Udongo Usioganda

Mwaka ule kila siku nikitoka shule nilipitia kwa Bibi Leokadia, ghorofa ya nne, mkate mkononi. Tangu avunjike nyonga mwezi wa Agosti alikuwa hajashuka zile ngazi, na jengo lao halina lifti. Hata kabla sijavua viatu aliniuliza, “Jagoda, bustani inasemaje?” Supu sikuipata mpaka nitoe ripoti.

Bustani yenyewe iko nje ya mji wetu wa Suwałki, kwenye vile viwanja vidogo vya familia vilivyobanana ua kwa ua. Babu alipanda pale safu ya mawaridi kwa mkono wake kabla hajafa. Bibi hana kitu kingine cha Babu kilicho hai. Alipolazwa hospitali hakuuliza mguu wake utapona lini, aliniuliza nani atayaandaa mawaridi kwa baridi. Nikajibu, “Mimi.” Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilimaanisha.

Oktoba nilikata nyasi kwa mara ya mwisho. Nilizoa majani yaliyoanguka ili yasiozeshe nyasi chini ya theluji. Maji yalipofungwa nikaacha bomba wazi lisije likapasuka kwa barafu. Hayo kila mtu anayafanya, hakuna aliyenicheka. Walinicheka kwa sababu ya ndoo.

Kwetu, mashina ya mawaridi hufukiwa kwa kichuguu cha udongo ili baridi isiue mizizi. Karibu watu wote hufanya hivyo wiki ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, wakishasafisha makaburi, halafu wanafunga vibanda vyao mpaka masika. Bibi hataki kusikia habari hiyo.

“Ukiyafukia ardhi ikiwa na joto, yanadhani masika yamefika,” huniambia. “Yanaoza humo humo, na panya wanahamia bila kulipa kodi. Subiri ardhi igande kwanza.”

Lakini ardhi ikishaganda, utachimba nini? Ndiyo maana Bibi huweka ndoo za udongo mkavu ndani ya kibanda mapema. Basi nikawa nachota udongo, najaza ndoo, nazivuta kibandani moja moja. Kalina, ambaye tunasoma darasa moja na kiwanja chao kimepakana na chetu, akaja kwenye ua na wenzake wawili.

“Jagoda! Udongo wako umeshikwa na mafua? Umeuvalisha na soksi?”

“Udongo wangu una akili kukuzidi,” nikamjibu.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilijifanya sijali, lakini masikio yaliniwaka moto. Zilikuwa zimebaki ndoo mbili. Sikutaka wanione tena nikihangaika nazo, nikazisukuma nyuma ya kibanda, nikazifunika turubai, nikaenda zangu.

Siku ya Watakatifu Wote tulitoka makaburini tukapitia bustanini. Mama akashika beleshi. “Tufukie leo tumalize.”

“Bibi amesema bado.”

“Bibi yuko ghorofa ya nne. Mimi niko hapa na mgongo unaniuma.”

“Sifukii, Mama. Na wewe nakuomba usifukie.”

Bwana Zygmunt, babu yake Kalina na mwenyekiti wa bustani zote, alikuwa ameegemea ua wake, vichuguu vyake tayari vimesimama safi. Akasema, “Mtoto huyu kichwa kigumu kama bibi yake! Mimi nafukia wiki hii tangu sijaota mvi.”

“Na kila masika unanunua mawaridi mapya, Bwana Zygmunt,” nikasema.

Mama alinifinya mkono, lakini maneno yalikwisha kutoka. Bwana Zygmunt akawa mwekundu shingo nzima. “Haya,” akasema, “tutaonana masika.”

Garini Mama hakuwasha redio. “Umewakatalia watu wote, na mimi nikiwemo,” alisema. “Sawa. Lakini siku hiyo ikifika, usinitafute na gari.”

Novemba nzima ilinyesha mvua ya uvuguvugu. Shuleni Kalina aliniuliza kila asubuhi kama udongo umepona. Nilimwambia umepona na unamsalimia.

Kisha, Jumamosi moja ya Desemba, simu ikalia nikiwa bado chini ya blanketi.

“Ni leo, Jagoda,” Bibi akasema. “Ardhi imekuwa jiwe. Usiku huu baridi ya kuua inaingia, redio imetangaza.”

Jamani, sikutaka kwenda! Dirisha lilikuwa jeupe kwa jalidi, na darasa zima lilikuwa linakwenda kuteleza kwenye barafu. Nililala pale nikawaza: nikisema nimefukia, nani atajua? Bibi hashuki ngazi. Kisha nikawaza sauti yake alivyosema “ni leo,” bila hata kuniuliza kama nitakwenda. Aliniamini tu. Nikaamka kwa hasira, nikavaa kila nguo niliyokuwa nayo, nikapanda basi.

Kufuli lilikuwa limeganda, nikalipulizia pumzi mpaka likafunguka. Ndani, udongo wangu ulikuwa mkavu na laini kama unga. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Nikamimina ndoo juu ya shina la kwanza, nikajenga kichuguu kwa mikono, nikaweka matawi ya msonobari juu yake, nikahamia la pili. Vidole viliuma, halafu vikaacha kuuma, jambo ambalo ni baya zaidi. Nikavitia kwapani, nikaendelea.

Udongo uliisha nikiwa nimebakiza waridi la mwisho, lile la njano ambalo Babu alimpa Bibi mwaka walipooana, nalo ni kubwa kuliko yote. Nikakimbilia zile ndoo mbili nyuma ya kibanda. Mvua ilikuwa imepenya turubai, nazo zilikuwa vipande viwili vya barafu ya kahawia. Nilizipiga kwa shoka, shoka likaruka. Nilichota ardhi kwa beleshi, beleshi likalia tu. Nikakaa juu ya ndoo na kulia, tena kwa sauti.

Sikupoteza muda zaidi ya hapo. Nilirudi mjini, nikapanda ngazi zote mbio. Mama alikuwa jikoni anampikia Bibi babka, mkate wa viazi vilivyokwaruzwa.

“Bibi, lile la njano halijafukiwa,” nikasema nikihema. “Ndoo mbili niliziacha nje. Kalina na wenzake walikuwa wananicheka, nikaona aibu kuzibeba.”

Bibi akatazama dirisha lake. Pale hupanga vyungu vya maua yake ya nyumbani, mekundu na ya rangi ya waridi, anayoyatunza ndani msimu wote wa baridi na kuzungumza nayo kama watu.

“Yang'oe,” akasema.

“Bibi!”

“Yang'oe yote. Haya nitaomba vipande vya kupanda kwa jirani. Lile la njano nitaliomba kwa nani?”

Niliyang'oa. Machozi yalimtoka Bibi, lakini mfuko wa kutilia udongo wa vyungu alinishikia mwenyewe. Mama akatazama mfuko, akanitazama mimi, akazima jiko na kuchukua funguo za gari. “Usiseme neno,” akaniambia, nami sikusema. Tulipofika bustanini giza lilikuwa limeshaingia. Aliwasha taa za gari kuelekea kwenye safu, akapiga magoti karibu nami kwenye ardhi ile ngumu, tukafukia waridi la Babu kwa udongo wa dirishani.

Aprili, Bibi alishuka ngazi kwa magongo, akipumzika kila ghorofa na kumkemea kila aliyetaka kumbeba. Bustanini nilifukua vichuguu mbele ya macho yake. Alikwaruza kila shina kwa ukucha, na chini ya ganda kila shina lilikuwa kijani. La njano lilikuwa limeshatoa macho mekundu ya machipukizi. Bibi aliliinamia akayahesabu moja moja kwa kidole.

Kwa jirani, Bwana Zygmunt alikuwa anang'oa mashina meusi yaliyooza, na Kalina anashikilia toroli. Mzee alikuja kwenye ua, kofia mkononi. “Leokadia, mwaka huu mnafukia lini?”

“Muulize huyu,” Bibi akasema, akanielekezea gongo. “Mimi sina bustani, nina mjukuu.”

“Nitakuambia siku ikifika,” nikamwambia. “Lakini ndoo ujaze Oktoba.” Kalina akainamisha kichwa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumrudishia, na nilianza kufungua mdomo.

“Wee, funga hapo,” Bibi akanikatiza. “Usijisifu kwa ubishi. Kusema sikubali, hata mbuzi anaweza. Mawaridi haya yaliokolewa na ile asubuhi uliyotoka kitandani, na yalikaribia kufa kwa sababu siku moja uliogopa kicheko. Ukishajua uko sawa, beba ndoo zako wakikutazama, mpaka ya mwisho.”

Nikachukua zile ndoo mbili kutoka nyuma ya kibanda, nikazibeba mbele ya Kalina, polepole, mpaka ndani.