Alhamisi ya Mjomba Brashi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mawingu alikuwa na kazi moja tu: kunyunyizia maji nguo za watu ili bibi yake azipige pasi. Ilikuwa kazi ndogo, lakini yeye aliirefusha. Matone yakiangukia shati jeupe, aliona visiwa. Pasi ya mkaa ikipita na mvuke ukapanda, aliona visiwa vile vikielea kwenda juu, naye akaelea navyo, huku kopo la maji likiwa limeinama mkononi.

"Mjukuu wangu, unanilowesha miguu," bibi alisema. "Hebu rudi duniani."

Jina la Mawingu alipewa na mjomba wake, likamganda. Mjomba huyo alikuwa fundi wa kuandika mabango na kuchora picha ukutani. Naye alikuwa na jina lake la mtaani, Brashi, kwa sababu hakukosa brashi nyuma ya sikio hata akiwa anakula. Waliishi watatu katika vyumba viwili: bibi dobi, mwanawe fundi rangi, na Mawingu, ambaye mama yake alifanya kazi mji mwingine na kuja wakati wa likizo.

Mawingu alikuwa mtoto mzuri, mwenye kasoro moja. Hakuweza kusimulia jambo bila kulitia chumvi. Akiona paka ukutani, mpaka afike nyumbani paka huyo alikuwa ameshavaa viatu. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu, bibi akatikisa kichwa, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyewahi kuumizwa na paka mwenye viatu.

Alhamisi moja mjomba alikuwa akichora ukuta wa duka la magodoro. Picha ilikuwa ya mwanamke aliyelala juu ya wingu, mkubwa kuliko chumba. Asubuhi, akinywa chai, mjomba alisema kwamba mchana angechora uso. Mawingu hakutulia darasani. Kengele ya chakula ilipolia, wenzake wakaenda upande mmoja na miguu yake ikaenda upande mwingine. Hakurudi shule mchana ule.

Alikaa mbele ya ukuta ule, juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, akatazama. Kwanza lilitokea paji la uso, kisha jicho lililofumbwa, kisha mdomo. Jua liliuwakia ukuta na rangi mbichi ikametameta, na Mawingu angeweza kuapa kwamba mwanamke yule alikuwa akipumua. Naye alianza kupumua pamoja naye, polepole.

Gari la polisi liliposimama, alidhani ni sehemu ya ndoto.

Walishuka askari wawili na mzee mmoja aliyevaa suti. "Nani kakuruhusu kuchafua ukuta wangu?" mzee aliuliza. Kumbe jengo lilikuwa lake, na muuza magodoro alikuwa mpangaji tu, hakuomba ruhusa. Mjomba aligeuka kumtazama muuza magodoro amtetee. Mwenzake alijitia hamnazo, akaingia ndani, akaanza kupanga magodoro yaliyokuwa yamepangika tayari.

"Utajieleza kituoni," askari mmoja alisema.

Mjomba, akiwa na mguu mmoja ndani ya gari, aliitoa brashi sikioni na kumrushia Mawingu. "Mwambie mama! Umesikia? Mwambie mama leo hii."

"Nimesikia, mjomba."

Alikuwa na nia ya kumwambia bibi. Njia nzima alikuwa na nia hiyo. Lakini alipofika mlangoni bibi aliuliza, "Za shule?" na hapo ulimi ukawa mzito. Angesemaje alichokiona bila kusema alikuwa wapi?

"Nzuri, bibi," alijibu, akaenda kuificha brashi chini ya godoro lake.

Mjomba alikuwa na kawaida ya kupata kazi mbali na kuondoka ghafla, na simu yake ilikuwa kwa fundi wa simu, kwa hiyo siku ile na siku iliyofuata bibi hakushtuka. Jumamosi mchana ndipo alipoanza kutazama mlango.

"Hata kuaga?" alisema. "Mtoto huyu!"

"Nilimwona leo asubuhi, bibi," Mawingu alisema upesi. "Nilipokwenda kununua sabuni. Alikuwa stendi anapanda basi la kijani. Anakwenda kuchora meli kwenye ukuta wa hoteli, meli yenye madirisha mia. Alikupungia mkono. Yaani, alinipungia mimi kwa niaba yako."

Bibi alitabasamu, akaendelea na pasi yake. Ajabu ni kwamba ilipofika jioni hata Mawingu mwenyewe aliliona basi lile waziwazi, vumbi lake na mkono wa mjomba dirishani. Lilikuwa basi zuri mno. Kasoro yake ilikuwa moja tu: kila alipolala alisikia kitu kigumu chini ya godoro. Ilikuwa brashi. Hakuwa ameiosha, na rangi ilikuwa imeikausha ikawa kama kijiti.

Jumatatu jioni fundi cherehani, jirani wa duka la magodoro, alikuja kuchukua nguo zake.

"Pole, mama," alimwambia bibi. "Mimi nilisafiri kidogo, nimerudi leo nasikia watoto wanasema Brashi kachukuliwa na polisi. Na lile duka limefungwa, mwenyewe haonekani."

Bibi aliiweka pasi chini. "Kachukuliwa? Siku gani?"

"Siku ndiyo sijui."

Bibi alimgeukia Mawingu. "Wewe si ulimwona Jumamosi anapanda basi?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Mawingu aliupita. "Nilimwona, bibi. Labda basi halikuondoka."

"Basi wamemkamata baada ya hapo," bibi alisema. "Kesho shule hutakwenda. Wewe ndiye uliyemwona mwisho, tutafuatana."

Asubuhi walifika kituo cha polisi. Mapokezi kulikuwa na meza ndefu, benchi, na dirisha moja lililopitisha mwanga mwembamba uliojaa vumbi. Askari wa zamu alikuwa kijana mpole. Bibi, hata kwa wasiwasi aliokuwa nao, aliona kwamba kola ya shati lake haikupigwa pasi vizuri.

"Namtafuta mwanangu," alisema. "Brashi."

"Bibi, hapa hatuandiki Brashi. Nipe jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake."

Bibi alilitaja, majina yote matatu, polepole, kama alivyokuwa akimwita zamani akaoge.

"Alikamatwa siku gani?"

"Jumamosi au baadaye. Huyu mjukuu wangu alimwona Jumamosi asubuhi, yuko huru."

Askari alifungua kitabu cha mahabusu. Kidole chake kilishuka Jumamosi, kikashuka Jumapili, kikamaliza Jumatatu. "Hayumo, bibi. Jaribuni kituo cha karibu na stendi, kama huko ndiko alikoonekana."

Walikwenda kwa miguu, kwenye jua. Huko nako kidole kingine kilishuka kwenye kitabu kingine, na mjomba hakuwemo. Askari wa huko, mtu mzima, alikifunga kitabu taratibu na kushusha sauti.

"Mama, hospitali mmeulizia?"

"Hospitali?"

"Wodini. Na kule nyuma pia."

Kila mtu alijua kule nyuma ya hospitali kulikuwa na nini. Kulikuwa na chumba cha maiti.

Bibi alitoka nje na kuketi kwenye ngazi. Mikono yake, iliyozoea pasi tangu asubuhi hadi jioni, ilikuwa imelala mapajani bila kazi. Mawingu alitazama juu, akitafuta wingu la kupanda aondoke pale. Halikuwepo hata moja, mbingu ilikuwa tupu. Akaitazama tena mikono ya bibi.

"Bibi," alisema. "Si Jumamosi."

"Nini si Jumamosi?"

"Mjomba hakupanda basi. Hakukuwa na basi. Walimkamata Alhamisi mchana, pale kwenye duka la magodoro. Nilikuwepo. Nilitoroka shule nikamwangalie anachora."

Alisimulia yote. Njiani mwa masimulizi kulikuwa na mahali pengi pazuri pa kuongeza kitu: kwamba alimlilia askari, kwamba alikimbiza gari. Alipapita. Hakutia chumvi hata punje.

"Alisema nini?" bibi aliuliza.

"Alisema, 'Mwambie mama leo hii.'"

Bibi alifumba macho, na chozi likamtoka. Mawingu alisubiri kofi, au kelele, na kweli angefurahi kupata kimojawapo. Lakini bibi alijikaza, akashika ukingo wa ngazi na kusimama.

"Twende," alisema. "Kugombana tutagombana baadaye."

Kwenye kituo cha kwanza yule askari kijana aliwatambua. Safari hii Mawingu ndiye aliyesogea mezani.

"Shikamoo. Nilisema uongo," alisema. "Ilikuwa Alhamisi."

"Saa ngapi?"

"Baada ya kengele ya chakula."

"Wapi?"

"Ukuta wa duka la magodoro. Alikuwa anachora."

"Kulikuwa na nani?"

"Askari wawili, na mzee mwenye jengo."

Askari alirudisha kurasa nyuma. Kidole kilishuka kidogo tu, kikasimama. "Huyu hapa. Kuharibu ukuta wa mtu. Bibi, mwanao ni mzima."

Bibi aliegemea meza. Alimshukuru Mungu.

"Ila hayuko hapa tena," askari aliendelea. "Ijumaa alipelekwa mahakamani. Dhamana ilikuwa wazi, lakini hakutokea ndugu wa kumdhamini, kwa hiyo yupo rumande, gereza kuu. Nitawaandikia namba ya kesi, mkaitaje pale getini pamoja na jina lake." Akasita. "Sasa namkumbuka, mimi ndiye niliyekuwa zamu siku ile. Nilimuuliza kama ana mtu wa kupelekewa habari. Akasema hakuna haja, habari imeshafika nyumbani."

Mawingu alitamani sakafu immeze.

Geti la gereza lilikuwa refu, limepakwa rangi ya majani makavu. Askari mwanamke alichukua kitambulisho cha bibi, akasoma namba ya kesi, akalitafuta jina kitabuni na kulipata. Kisha akapekua mfuko wa Mawingu. "Na hii je?"

"Brashi ya mjomba. Imekauka kwa sababu sikuiosha."

"Iache hapa mezani. Utaichukua ukitoka."

Walipelekwa kwenye chumba chenye wavu katikati. Mahali fulani ndani funguo zililia, zikanyamaza, zikalia tena karibu zaidi, na kwa Mawingu kila kitu kikawa chepesi kama asubuhi ya ukungu. Ndipo mjomba akatokea. Bila brashi, sikio lake lilionekana uchi.

"Mama," alisema. Kisha akacheka kwa sauti iliyokatika. "Nilidhani mmenitupa."

"Muulize huyu," bibi alisema.

Mawingu alimwambia, kwa maneno machache. Mjomba aliushika wavu. Alikuwa hodari wa kusamehe, lakini hakuharakisha.

"Kila nilipozisikia zile funguo," alisema mwishowe, "nilijua ni mama amekuja. Kila siku. Ndiyo hayo tu, mpwa wangu. Nimekasirika, na nimefurahi kukuona."

Kesho yake bibi alikwenda mahakamani na kitambulisho chake na barua ya utambulisho, akamdhamini mwanawe. Muuza magodoro, aliposikia kwamba Brashi alilala gerezani kwa ajili yake, aliona haya. Alikwenda kwa mwenye jengo akakiri kwamba kosa ni lake. Mzee yule hasira zilikuwa zimeshapoa, na alikuwa amepita pale mara kadhaa kumtazama mwanamke wa kwenye wingu. Akaiondoa kesi, na akataka picha imaliziwe.

Jioni ya siku kesi ilipokwisha, mjomba aliiloweka brashi kwenye mafuta ya taa.

"Italainika?" Mawingu aliuliza.

"Baadhi ya nywele. Nyingine zimeshaharibika."

Bibi alikuwa akipiga pasi. Mawingu alinyunyiza maji, visiwa vikatokea kwenye shati, na kwa mara ya kwanza aliogopa kuvitazama.

"Vitazame tu," bibi alisema. "Ota utakavyo, mjukuu wangu, chora hewani upendavyo. Lile basi lako la kijani nililipenda. Nililipungia mkono moyoni, ndiyo maana liliniuma sana. Lakini mtu akipotea, hatafutwi kwa hadithi. Anatafutwa kwa jina lake, mahali alipokuwa, na siku yake. Wewe uliibadilisha siku ili ujifiche wewe, kumbe ukamficha na yeye."

Mvuke ulipanda, ukapotelea darini. Mawingu aliuangalia mpaka ukaisha.

"Bibi, mwalimu wetu hufika shule saa ngapi?"

"Mapema. Kwa nini?"

"Kesho nataka nimkute peke yake. Kuna Alhamisi moja hajui nilikuwa wapi."